"Nalilia Mwana" na Subira ya Mpiga Ridhimu

Reli itokayo Kongolo hupita Kibombo, kisha huishia Kindu, ukingoni mwa Lualaba. Upande huo wa Maniema ndiko alikozaliwa mwanamuziki Ramadhani Mtoro Ongala mwaka 1947. Mwaka 1978 aliingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, baadaye akahamia bendi ya Matimila, na mji mzima ukamwita Dokta Remmy. Ughaibuni anatajwa zaidi kwa albamu "Songs for the Poor Man", aliyoirekodi Uingereza mwaka 1989. Iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, "Nalilia Mwana" iliyotolewa na WOMAD, haitajwi sana, nami naona ndiyo inayoonyesha ufundi wake waziwazi.

Wimbo wa dansi wa enzi hizo ulipikwa ukumbini. Bendi iliupiga mbele ya wachezaji wiki hata wiki. Palipolegea pakakazwa, ubeti uliozidi ukapunguzwa. Ulipoiva ndipo ukapelekwa Radio Tanzania. Studioni wote walipiga kwa pamoja, maikrofoni chache, na mmoja akikosea wote wanaanza upya. Wimbo wenyewe ulikuwa mrefu, kwa hiyo kila aliyekaa pale alijua kwamba kidole chake kimoja kinaweza kuharibu jasho la wenzake wote.

Usikilize sasa wimbo uliobeba jina la albamu. Magitaa hayana haraka. Solo inatoa kifungu kifupi, inakirudia, inakigeuza kidogo mwishoni. Besi haijazi kila pigo. Inaacha nafasi, na tumba zinapita humo. Remmy anaingia na sauti yake nzito, yenye mikwaruzo, anasimulia kilio cha mtu anayetamani mtoto, wala hapambi neno. Waitikiaji wanampokea, wanamrudishia.

Chini ya yote hayo yuko mpiga gitaa la ridhimu. Huyu ndiye ninayemstaajabia. Ameshika nyuzi chache tu, mkono wake wa kulia hauongezi wala haupunguzi, dakika baada ya dakika. Hakuna anayempigia makofi. Lakini jaribu kumtoa kichwani mwako uone: solo inabaki inaning'inia, na besi inakosa pa kukanyaga.

Kisha linakuja chemko, sehemu ya kasi ya wimbo. Waimbaji wanayaachia magitaa uwanja, miguu ya wachezaji inaamka, solo inapanda juu na kuanza kuchokoza. Ridhimu inabadili mpigo, na hapo tena inatulia palepale, kama mtu anayetwanga huku wengine wakiimba.

Dokta Remmy alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na mtaani Sinza abiria hadi leo wanateremka kituo cha "kwa Remmy". Vijana wa Kindu na Kibombo mnaojifunza gitaa, itafuteni albamu hii. Shikeni kwanza ridhimu yake; solo mtaifikia baadaye.