Kipanya, Puku na Mkono wa Karani: Uhakiki wa Istilahi

Utangulizi

Aghalabu kurasa za istilahi hujadili maneno mazito: ya sheria, ya uchumi, ya sayansi. Neno tunalolihakiki hapa ni dogo, na kitu chenyewe hukaa ndani ya kiganja. Ni kile chombo kinachosogezwa juu ya meza ili kuongoza kishale katika skrini ya kompyuta. Hata hivyo tunadai kwamba uhaba wa maneno katika jambo hili dogo unaumiza watu, na neno "kuumiza" tunalitumia kwa maana yake halisi.

Tumchukue karani wa ofisi ya umma mjini Kasulu au Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma. Kutwa nzima anaingiza majina na tarakimu katika kompyuta. Baada ya miezi kadhaa mkono wake wa kulia unauma penye kifundo na vidole vinakufa ganzi. Anashauriwa aombe chombo kinachoufaa mkono wake. Anachukua fomu ya maombi ya vifaa, na hapo kalamu inasimama. Aandike nini? Mtu aliye dukani huweza kunyoosha kidole na kusema "kile pale". Lakini agizo la Kibondo huenda kwa maandishi hadi Kigoma mjini, Mwanza au Dar es Salaam, na maandishi hayana kidole. Muuzaji huleta kilichoandikwa. Na kilichoandikwa kikiwa "mausi, 1", basi huletwa kile kile kilichouumiza mkono.

Jina la chombo

Chombo hiki kilibuniwa na Douglas Engelbart wa Stanford Research Institute, huko California, Marekani. Cha kwanza, sanduku dogo la mbao lenye magurudumu mawili, kilitengenezwa na mwenzake Bill English mwaka 1964, na tarehe 9 Desemba 1968 kilionyeshwa hadharani mjini San Francisco. Kiliitwa panya kwa sababu ya waya uliofanana na mkia. Mwaka huo huo wa 1968 kampuni ya Telefunken ya Ujerumani ilitangaza chombo cha namna hiyo na kukiita Rollkugel, yaani tufe linalobingirika. Jina hilo lilieleza kazi ya chombo, lakini halikudumu; Wajerumani nao leo husema panya. Leo vyombo vingi havina waya. Mkia umeondoka, jina limebaki.

Katika Kiswahili tunakutana na majina matatu. La kwanza ni mausi, lililotoholewa kutoka Kiingereza. Linatamkika, lakini halimwambii kitu mtu asiyekijua chombo. La pili ni puku, linalotumiwa zaidi Kenya. Ni neno la Kiswahili, na lina sifa ya ufupi. Ila kwa wasomaji wengi wa Tanzania ni geni kama mausi. La tatu ni kipanya. Wapo wanaolikataa kwa hoja kwamba ni tafsiri ya sitiari ya watu wengine, na kwamba Dar es Salaam ilikwisha kuliazima neno hilo kwa mabasi madogo ya abiria.

Sisi tunalitetea kipanya, kwa sababu mbili. Kwanza, sarufi yetu yenyewe huondoa utata. Panya mdogo ni kiumbe, naye huchukua upatanisho wa viumbe; chombo huchukua upatanisho wa ki-/vi-. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni: "Kipanya huyu ametafuna waya wa kipanya hiki," na wanafunzi wakatofautisha mara moja. Pili, sitiari hiyo inaeleweka pande zote za mpaka. Katika wilaya hizi hukutana Kiha, Kirundi, Kiswahili cha Kongo na Kifaransa cha shuleni, hasa tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo na kambi ya Nduta ilipowapokea Warundi mwaka 2015. Kirundi, jamaa wa karibu sana wa Kiha, humwita mnyama huyo imbeba. Kifaransa hukiita chombo chenyewe souris, ambalo pia ni jina la mnyama huyo. Aliyefunzwa kwa lugha yoyote kati ya hizo atakitambua kipanya bila kufasiriwa.

Sifa inayopotosha

Basi jina la chombo si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni sifa yake. Zipo aina zilizoundwa ili kupunguza mkazo wa mkono, na wafasiri, wakitafuta sifa ya kuzijumlisha, hujikwaa mara tatu.

Wengine huandika "kipanya cha starehe". Neno starehe katika ofisi ya umma lina harufu ya anasa. Mkaguzi wa hesabu akiliona katika fomu atauliza, na ana haki ya kuuliza, tangu lini Serikali ikawanunulia watumishi starehe. Wengine huandika "kipanya cha nafuu", wakiwa na maana ya kumpa nafuu mgonjwa. Lakini nafuu dukani ni bei. Karani aliyeomba nafuu ya mkono ataletewa nafuu ya mfuko, yaani kile cha bei ya chini kuliko vyote. Wengine hutohoa na kuandika "kipanya cha ergonomiki". Neno hili halina kosa katika kitabu cha taaluma ya kuilinganisha kazi na mwili wa mfanyakazi. Katika fomu, hata hivyo, ni kama muhuri mtupu: kila muuzaji huweza kuubandika juu ya bidhaa yake, na afisa ununuzi hana cha kupimia.

Kosa la watatu hao ni moja. Wanataja matokeo yanayotumainiwa, hawakitaji kitu chenyewe. Tena hakuna umbo moja linaloufaa kila mkono. Kinachompa huyu faraja humwumiza yule.

Mkulima wa mahindi na maharage wa Kasulu haombi "jembe la starehe". Husema mpini mrefu, mpini mnene, jembe jepesi. Hutaja umbo, kisha mkono wake huamua. Huo ndio msingi tunaoupendekeza.

Mapendekezo

(a) Kipanya wima. Kipanya cha kawaida huulaza mkono kifudifudi, na mifupa miwili ya kigasha hupishana. Aina hii huuweka mkono ubavu, kama wa mtu anayempa mwenziwe mkono. Walimu wa hisabati wamekwisha kutupa mstari wima na mstari mlalo. Basi na tuseme kipanya wima, na kile cha kawaida, inapobidi kutofautisha, kipanya mlalo.

(b) Gololi ya kuongozea. Katika chombo hiki kitako hakisogei. Vidole au dole gumba huzungusha gololi iliyo juu yake. Humfaa mwenye meza finyu na mwenye maumivu ya bega. Tumeona "kipanya cha tufe", nasi hatukukubali. Kwanza, vibonyezo vya kompyuta huitwa vitufe, na tufe karibu na kitufe litachanganya wasikilizaji. Pili, chombo hiki si mtoto wa kipanya: kilikwisha kuundwa mwaka 1952 katika mradi wa jeshi la majini la Kanada, zaidi ya miaka kumi kabla yake. Gololi kila mtoto anaijua.

(c) Kipanya cha mashoto. Vipanya vingi vilivyopinda vimefinyangwa kwa mkono wa kulia. Kiswahili kina neno mashoto, nalo latosha. Ieleweke pia kwamba kipanya chenye pande sawa chaweza kutumiwa na mashoto kwa kubadilisha kazi za vitufe katika mipangilio ya kompyuta, bila gharama yoyote.

(d) Kipimo. Fomu itaje urefu wa mkono kwa sentimita, kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Kipanya kidogo mno huvilazimisha vidole kukunjamana, na kikubwa mno huvitanua.

Jambo moja la mwisho lahusu mwili wenyewe. Neno kiwiko kwa baadhi ya wasemaji ni pale mkono unapokunjika katikati, na kwa wengine ni pale kiganja kinapoanza. Mfasiri wa maelekezo ya afya kazini akiandika "usikunje kiwiko", msomaji mmoja atanyoosha mkono mzima na mwingine atanyoosha kiganja. Tunapendekeza kifundo cha mkono kwa penye kiganja, na kisugudi kwa pale pa katikati. Neva iendayo vidoleni hupita katika njia nyembamba penye kifundo, na hapo ndipo ganzi nyingi huanzia. Haifai papotee kwa sababu ya neno.

Hatudai kwamba istilahi hutibu. Mwenye maumivu yasiyokoma na amwone tabibu. Meza iliyo juu mno itaumiza hata kwa kipanya wima, na mapumziko mafupi hayana mbadala. Tunachodai ni hiki: anayeumwa apate maneno ya kuomba anachohitaji, na aliye mbali ayasome akaelewa. Fomu ya karani wetu ingeandikwa hivi: "Kipanya wima, cha mkono wa kulia, kisicho na waya, kwa mkono wa sentimita 17, kimoja." Maneno yote hayo ni ya Kiswahili cha kila siku, wala hakuna mkaguzi atakayeona anasa ndani yake, wala muuzaji atakayeweza kusingizia kwamba hakuelewa.