Ukwangala na Jicho la Jirani

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hufundishwa shuleni bila kuhojiwa, nasi tungependa kuihoji kutoka Ipyana, katika bonde la Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. (Ipyana kwa Kinyakyusa maana yake ni neema.) Mchele wa huko unanukia vizuri, na hakuna apingaye. Lakini katika masoko ya Dar es Salaam mchele uliolimwa kwingine umekuwa ukiuzwa kwa jina la Kyela, na wanunuzi wakaondoka wameridhika. Hawa hawakununua harufu. Walinunua kile walichosikia wenzao wakikiulizia.

Jambo hili latupeleka kwenye kitabu ambacho hutajwa zaidi kuliko kinavyosomwa: Good Company, cha Monica Wilson, mwanachuoni wa Afrika Kusini, kilichotolewa mwaka 1951. Yeye na mumewe, Godfrey, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Kitabu chaeleza vijiji vya rika. Wavulana wa umri wa miaka kumi hivi walitoka katika nyumba za wazazi wao, wakajenga vibanda vyao pamoja, wakala pamoja, wakazeeka pamoja. Fadhila kubwa ya vijiji hivyo iliitwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kuzungumza na kula nao. Hapo ndipo kitabu kilipopata jina lake, na kurasa hizo ni nzuri kweli kweli.

Kurasa nyingine zatisha. Wachawi walisemekana kuwa na chatu tumboni, wakitamani nyama na maziwa ya jirani. Tena aliyewanyima wenzake karamu waliyostahili alipatwa na pumzi ya watu, ubaridi uliotoka katika manung'uniko yao ukamwingia mwilini kama ugonjwa. Mwandishi ameyahusisha mambo hayo na maisha ya rika, na hapo amesema kweli. Hata hivyo twaona ameishia nusu ya njia, maana tamaa hiyo ameichukulia kuwa ya tumbo. Kama ingekuwa ya tumbo, ndizi za mgombani kwake mtu zingeituliza. Iliyotamaniwa ni nyama ile iliyonukia kwa jirani, na maziwa ya ng'ombe wale waliotazamwa na kijiji kizima wakirudi kutoka malishoni. Rika lile lile lililompa mtu raha ya ukwangala ndilo lililomwonyesha cha kutamani. Bila ya wenzake asingejua kama ng'ombe wake ni wengi au wachache. Ukwangala na husuda, tusomavyo sisi, vilipikwa katika chungu kimoja.

Mwaka 1961 Mfaransa René Girard alitoa kitabu juu ya riwaya za Ulaya, akidai kwamba mtu hatamani kitu moja kwa moja, bali hutamani kwa kufuata tamaa ya mwenzake. Ushahidi wa Wanyakyusa ulikuwa umekwisha kupigwa chapa miaka kumi kabla, nao unaonyesha pia namna watu walivyojaribu kuituliza tamaa hiyo. Kwa kuogopa pumzi ya watu, mwenye ng'ombe alichinja akawaita wenzake. Kilichotamaniwa na wote kikaliwa na wote, tamaa ikapumzika hadi karamu nyingine. Tusiipambe mno desturi hiyo: woga ule ule uliwafanya watu washutumiwe uchawi na kufukuzwa makwao.

Vijiji vya rika havipo tena kama alivyovikuta Wilson. Lakini bweni la shule ya sekondari ni kitu gani? Ni vijana wa rika moja, mbali na wazazi, wanaokula pamoja na kutazamana mchana kutwa. Mmoja hurudi kutoka likizo na viatu vya namna fulani. Kabla muhula haujaisha, wazazi kumi wamekwisha ombwa viatu vya namna ile ile. Mwalimu huwakemea kwa kuiga, kana kwamba tamaa hiyo ilizaliwa ndani ya kila mmoja peke yake. Tungependa mwalimu huyo alisomee darasa lake habari za pumzi ya watu, kisha aulize ni kitu gani kila mmoja angekitaka kama hapangekuwa na mwenzake wa kukiona. Viatu havichinjwi vikagawanywa, kwa hiyo mjadala utakuwa mrefu, na wako watakaoificha miguu chini ya dawati.