Tani Mia Moja Zilizopotea: Mwendo wa Ndege Unatoka Wapi?

Usiku wa tarehe 20 Machi 2009, Airbus A340-500 ya shirika la Emirates ilianza kukimbia kwenye njia ya kurukia namba 16 ya uwanja wa Melbourne, Australia, safari ya Dubai, ikiwa na watu 275. Ilipofikia mwendo uliopangwa, rubani mkuu alimwagiza mwenzake anyanyue pua. Pua ilipanda lakini magurudumu hayakuiacha ardhi. Agizo likarudiwa. Rubani msaidizi akavuta zaidi, mkia ukaburura lami, na rubani mkuu akasukuma injini hadi nguvu ya mwisho. Ndege ilinyanyuka ikiwa imekwisha kuimaliza njia, ikagonga taa na antena zilizokuwa mbele yake. Ilimwaga mafuta, ikarudi na kutua salama.

Wachunguzi wa ATSB, chombo cha Australia kinachoshughulikia ajali za uchukuzi, waliufuata mkasa huo hadi kwenye tarakimu moja. Uzito uliopaswa kuingizwa katika kompyuta ya kupigia hesabu za kuruka ulikuwa tani 362.9, lakini iliingizwa 262.9. Kompyuta ilifanya hesabu yake sawasawa kwa ndege ambayo haikuwapo.

Mwanafunzi wa urubani akae na kisa hiki kwa muda, kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo orodha za kukariri hulificha. Tunafundishwa V1, VR, V2 na ndugu zao kana kwamba ni sifa za ndege, kama urefu wa bawa au idadi ya viti. Sivyo. Kila moja ni jawabu la swali lenye masharti: uzito gani, flapu kiasi gani, hewa ya namna gani, njia ya urefu gani. Sharti likibadilika, jawabu la jana halifai tena.

Tuzitazame namba za Melbourne zenyewe. Kwa uzito usio sahihi, kompyuta ilitoa V1 ya noti 143, VR ya 145 na V2 ya 154. Kwa uzito halisi zilipaswa kuwa 149, 161 na 173. (Noti moja ni takriban kilomita 1.85 kwa saa.) V1 ni mwendo wa uamuzi: ukiupita bila kuanza kusimama, unaendelea kuruka hata injini moja ikizimika. VR ni mwendo wa kunyanyua pua. V2 ni mwendo unaoiwezesha ndege kupanda kwa usalama hata ikipoteza injini moja. V1 ilisogea kidogo tu, noti 6, kwa kuwa imefungwa pia na breki na urefu wa njia. VR na V2 ziko karibu zaidi na bawa lenyewe, nazo ziliachana mbali na ukweli: noti 16 na 19.

Noti 16 zinaonekana kidogo. Lakini nguvu ya bawa ya kunyanyua haiendi na mwendo, inaenda na mwendo uliozidishwa kwa wenyewe. Chukua 145 mara 145, ugawe kwa 161 mara 161: unapata takriban 0.81. Yaani kwa pembe ileile ya bawa, ndege iliyoombwa kuruka kwa noti 145 ilikuwa na asilimia 81 tu ya nguvu ambayo ingekuwa nayo kwa noti 161. Upungufu huo una njia moja tu ya kuzibwa pale pale, nayo ni kuongeza pembe kwa kuinua pua zaidi. Ndege ndefu ikiinua pua kupita kiasi magurudumu yakiwa bado chini, mkia hufika ardhini kabla ya bawa kubeba mzigo.

Kulikuwa na dhara la pili, na kwangu ndilo baya zaidi. Ndege kubwa mara nyingi haziruki kwa nguvu zote za injini. Hesabu hutafuta nguvu inayotosha tu, ili injini zisichakae mapema. Kwa hiyo tarakimu ileile iliyoshusha mwendo ilipunguza na nguvu, na ndege ikawa inapata mwendo polepole kuliko inavyostahili. Mbona marubani wanne waliokuwamo hawakuhisi? ATSB iliona kwamba rubani anayeruka leo na uzito huu, kesho na mwingine, kwa nguvu tofauti kila safari, hana kipimo cha mwilini cha kumwambia kwamba ndege inakawia. Kosa la aina hiyo lilikwisha kuua: huko Halifax, Kanada, Oktoba 2004, Boeing 747 ya mizigo ya MK Airlines ilijaribu kuruka kwa hesabu zilizotoka kwenye uzito wa kituo cha nyuma, takriban tani 240 badala ya 353. Watu wote saba waliokuwamo walikufa.

Unaweza kusema hayo ni ya ndege kubwa, wewe unajifunza kwa Cessna 172. Basi fungua kitabu cha 172S. Mwendo wa kuendeshea kwa nguvu, ule unaoandikwa VA, hauna namba moja humo. Kwa uzito wa juu kabisa, kilo 1,157, ni noti 105. Kwa kilo 862 ni noti 90. Gawanya uzito mdogo kwa mkubwa, tafuta kipeuo cha pili cha jawabu, zidisha kwa 105, nawe utafika 90 na ushee mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Ukishaifanya hesabu hiyo mara moja kwa mkono wako, hutaisahau.

Namba hizo zinashangaza wengi kwa kwenda kinyume na wanavyotarajia: ndege nyepesi ndiyo inayotakiwa kupunguza mwendo. Ndege nzito ikipigwa na upepo wa ghafla hufika mapema kwenye stoli, yaani bawa huacha kubeba kabla mzigo haujalivunja. Nyepesi huruka kwa pembe ndogo zaidi ya bawa, kwa hiyo ina nafasi ya kujibebesha mzigo mkubwa zaidi kabla ya kufika hapo. Mwanafunzi anayeruka peke yake, mwalimu akiwa ameshuka, amebadilisha VA yake.

Wala VA si ruhusa ya kufanya lolote chini yake. Novemba 12, 2001, Airbus A300-600 ya American Airlines ilianguka New York baada ya usukani wa mkia kusukumwa kwa nguvu kushoto na kulia mfululizo, na mkia wa wima ukang'oka. Watu 265 walikufa, watano kati yao wakiwa ardhini. Ndege ilikuwa chini ya VA yake. Mwendo huo unahusu msukumo mmoja, upande mmoja.

Rangi zilizochorwa kwenye kipima-mwendo nazo zina masharti yasiyoandikwa pale. Kwenye 172S, upinde wa kijani unaanza noti 48, mwendo wa stoli flapu zikiwa juu, kwa uzito wa juu na ndege ikiruka sawa. Ilaze kwenye kona ya nyuzi 45 bila kupoteza kimo, stoli inahamia takriban noti 57. Nyuzi 60, inakuwa 68. Rangi haihami.

Kwa mwanafunzi wa Nairobi kuna jambo jingine. Uwanja wa Wilson uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kitabu cha 172S kinasema unyanyue gurudumu la mbele kwa noti 55, na namba hiyo haibadiliki kwa mwinuko, kwa kuwa kipima-mwendo kinahisi msukumo uleule wa hewa ambao bawa linauhisi. Lakini siku ya nyuzi 25 za Selsiasi, noti 55 za kipimo hapo Wilson ni kama noti 62 halisi. Mombasa, kwenye usawa wa bahari na joto la nyuzi 30, zisingefika 57. Ardhi inapita kwa kasi zaidi dirishani, njia inaliwa zaidi, injini imepungukiwa hewa, na jicho linakushawishi kuvuta mapema. Soma kipimo, usisome nyasi.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Kabla ya somo lako lijalo, andika uzito halisi wa ndege ukiwa na mwalimu, kisha uzito ukiwa peke yako, na utafute VA na umbali wa kurukia kwa kila mmoja. Mpe mwenzako afanye hesabu hiyo upya tangu mwanzo bila kuiona ya kwako, kwa sababu anayesoma namba yako na kuitikia kwa kichwa hajakagua chochote.