Asta Nielsen, Fundi wa Kunyamaza

Mwishoni mwa Afgrunden, filamu ya Denmark ya mwaka 1910, mwanamke aitwaye Magda anatolewa nje na polisi. Ametoka kumuua mpenzi wake kwa kisu. Ungetarajia apige yowe, ajipige kifua, ainue mikono juu, maana ndivyo walivyofanya waigizaji wengi wa enzi ile mbele ya kamera, wakihofia kwamba mtazamaji asiyewasikia hatawaelewa. Asta Nielsen hafanyi hata kimoja. Anatembea tu. Mabega yamelegea, mikono inaning'inia, macho yamo wazi lakini hayaangalii kitu. Anasogea taratibu kuelekea kwetu, akiongozwa, na ukimtazama unajua kwamba ndani yake mambo yamekwisha, ni miguu tu ambayo bado haijapata habari.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi na kila mara inanishika vilevile. Filamu haina sauti, haina rangi, na kamera ya siku zile ilisimama mbali kiasi kwamba mtu alionekana mwili mzima, kutoka utosini hadi miguuni. Uso peke yake usingetosha. Nielsen aliigiza kwa mgongo, kwa shingo, kwa namna ya kushika mkoba. Na jambo kubwa zaidi, aliwacheza watu wanaojitahidi kuficha kilicho moyoni, akatuachia sisi tuione ile jitihada. Kwangu mimi huo ndio uigizaji wa filamu, na sijaona aliyeufahamu mapema na kwa kina kama yeye.

Alizaliwa Copenhagen, katika mtaa wa Vesterbro, tarehe 11 Septemba 1881. Baba alikuwa mhunzi aliyekosa kazi mara kwa mara. Mama alifua nguo za watu. Sehemu ya utoto wake aliishi Malmö, ng'ambo ya pili ya bahari, Sweden. Baba alifariki Asta akiwa na miaka 14. Umaskini huo haukumzuia kupata nafasi ya kusomea uigizaji kwenye Jumba la Kifalme la michezo ya kuigiza. Mwaka 1901 alijifungua binti, Jesta, bila kuolewa, na jina la baba wa mtoto hakulitoa hadharani maisha yake yote. Jukwaani alikwama. Alikuwa mwembamba, nywele nyeusi, macho makubwa meusi, sauti nzito, na wenye majumba ya michezo hawakujua wampe nafasi gani.

Aliyeona mbele ni Urban Gad, msanifu wa mandhari ya jukwaani. Aliandika Afgrunden, hadithi ya mwalimu wa piano anayemwacha mchumba wake, mtoto wa mchungaji, na kutoroka na mcheza sarakasi. Nia yao wawili, yeye na Asta, ilikuwa ndogo kabisa: watengeneze filamu ili wakubwa wa jukwaa waone huyu mwanamke anaweza nini. Walipata kroner 8,000, wakapiga picha kwa siku chache, baadhi ya sehemu zikiwa katika uwanja wa gereza lisilotumika. Filamu ilifunguliwa kwenye sinema ya Kosmorama tarehe 12 Septemba 1910, siku moja baada ya Asta kutimiza miaka 29.

Watu waliizungumzia zaidi ngoma iliyomo ndani. Magda, akiwa na gauni jeusi lililombana, anamfunga yule mcheza sarakasi kwa kamba kisha anacheza akimzunguka, akimsugua kwa nyonga, huku mwanamume hawezi kunyanyua mkono. Wakaguzi wa filamu katika nchi kadhaa waliikata. Ukiitazama leo, acha kwanza ule ujasiri wa mwili, angalia kamera ilivyowekwa: tuko pembeni mwa jukwaa, watazamaji wa ukumbini hatuwaoni. Kwa hiyo Magda anawachezea wao onyesho, lakini sisi tunamwona kwa ubavu na tunamsoma. Ngoma ni ya kuuza tiketi, ila hasira dhidi ya mwanamume huyu ni yake mwenyewe, na anaimaliza palepale mbele ya umma usiojua kitu.

Wajerumani walimwita haraka. Kuanzia 1911 yeye na Gad, waliooana mwaka uliofuata, walifanya kazi huko Ujerumani, na kati ya filamu zake zaidi ya 70, nne tu ndizo za Denmark. Maandishi ya katikati ya picha yalibadilishwa kwa lugha ya kila nchi, naye akaeleweka kila alikofika. Alicheza tanzia, akacheza na vichekesho kwa wepesi uleule. Katika Engelein ya 1914 yeye, mwanamke wa miaka 32, ni msichana wa miaka 17 anayelazimika kujifanya wa miaka 12 ili urithi usipotee. Mtoto anayejifanya mtoto zaidi! Na wewe mtazamaji hupotei hata mara moja. Unajua muda wote ni yupi kati ya hao wawili aliye mbele yako.

Kisha ikaja Hamlet, ya 1921, kutoka kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Hapa mwana wa mfalme ni binti aliyelelewa kama mvulana ili kiti cha enzi kisipotee. Anampenda rafiki yake Horatio na hawezi kumwambia. Tena anajifanya mwendawazimu mbele ya Claudius, mjomba aliyemuua baba yake. Ni mwanamke ndani ya mwanamume ndani ya kichaa, na Nielsen anabeba yote hayo ndani ya mavazi meusi, akiwa na nywele fupi, kwa utulivu unaotisha. Onyesho linapoigizwa kumnasa mjomba, Hamlet hakai kitini. Yuko sakafuni, anamtambalia Claudius polepole, macho hayambanduki. Maneno ya Shakespeare hayamo, na huoni pengo lake. Horatio anagundua ukweli baada ya kifo cha Hamlet, mkono wake unapogusa kifua cha maiti.

Sauti ilipoingia kwenye sinema, alicheza filamu moja tu ya kusema, Unmögliche Liebe ya 1932. Wengi husema sauti ilimshinda. Siamini. Alikuwa na miaka 51, na sinema za wakati huo hazikuwa na nafasi kwa mwanamke wa umri huo, awe na sauti ya namna gani.

Alirudi Denmark katikati ya miaka ya 1930. Aliandika kumbukumbu za maisha yake, akatengeneza picha kwa kubandika vipande vya vitambaa, kazi ya mikono yenye subira. Mwaka 1964 alimpoteza Jesta. Mwaka 1970, akiwa na miaka 88, aliolewa na Christian Theede, na akafariki Mei 1972. Watengenezaji filamu wa nchi yake walikaa naye mji mmoja zaidi ya miaka 30 bila kumpa nafasi ya kuigiza, na hilo bado linaniuma. Mwaka 1968 aliamua kuongoza mwenyewe filamu fupi juu ya maisha yake, akasimulia kazi ya kuigiza kwa sauti ile nzito ambayo majumba ya michezo hayakujua yaitumie wapi.