Nyota ya Dirishani

Mama mwenye nyumba alikuwa amejifunga kanga kiunoni, na juu amevaa fulana ya kijani iliyokolea, imeandikwa kifuani kwa herufi kubwa nyeupe kwamba yeye ni mama wa askari na anajivunia. Tulikuwa Columbus, Ohio, watu wachache tumekusanyika kwake kupanga michango ya msiba uliotokea nyumbani. Kitinda mimba wake yuko katika Jeshi la Marekani. Baada ya chai nikasogea dirishani, nikaona kijibendera cha kitambaa, urefu wake haufiki mkono, kinaning'inia kwa uzi kwenye kijiti: pindo jekundu, uwanja mweupe, katikati nyota moja ya buluu.

"Mama, mbona fulana kubwa hivyo, halafu hiki kidogo?"

"Fulana naivaa siku nikitaka, mwanangu. Hicho kipo hapo usiku na mchana. Kingekuwa kikubwa nisingepata usingizi."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikivitazama vitu viwili hivyo kama mtu anavyotazama mashairi mawili yenye maudhui mamoja. Vyote vinasema: mtoto wa nyumba hii yuko jeshini. Kinachovitenga ni fani, na kwa fani kijibendera kinaishinda fulana kwa mbali.

Kilibuniwa mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Robert L. Queisser, kapteni mstaafu wa Ohio hiyo hiyo, ambaye wanawe wawili walikuwa jeshini. Kanuni aliyoiweka ni fupi kuliko methali: nyota moja kwa kila mtu wa nyumba hii aliye kazini wakati wa vita. Hakuna jina, hakuna cheo, hakuna kikosi. Mwana wa jenerali na mwana wa mpishi wa kambi wanapata nyota ile ile.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa kukisoma kitambaa cha namna hii. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji, ina jina. Tukiishika bendera hii kwa macho hayo, pindo lipo, jekundu, pana, limefunga pande zote nne. Mji upo, mweupe. Jina halipo. Kwenye kanga, jina ndilo linalorusha fumbo kwa jirani, kwa wifi, kwa mke mwenza. Hapa mahali pa jina pamekaliwa na nyota, na nyota haisomeki kwa sauti. Fulana, kwa upande wake, ni jina tupu. Haina pindo wala mji, na jina lenyewe halina fumbo lolote: limekwisha kusema kabla jicho halijatulia.

Lakini kinachonishika zaidi ni ule mji mweupe. Mji wa kanga huwa na shughuli nyingi, maua, korosho, ndege, wakati mwingine sura ya kiongozi. Mji wa bendera hii umeachwa wazi karibu wote. Nyota imewekwa katikati ya utupu, na pindo limeuzungushia utupu huo ua, kana kwamba nao ni kitu cha kulindwa. Nyumba yenye mtoto vitani ndivyo ilivyo. Kitanda kimetandikwa, hakuna anayekilalia, na hakuna anayeruhusiwa kuweka nguo za kufua juu yake.

Mwaka 1918 vifo vilipoanza kuhesabika, fani ilijaribiwa. Desturi ya maombolezo ilikuwa nguo nyeusi mwili mzima. Kamati ya wanawake ya Baraza la Ulinzi wa Taifa ilipendekeza kwa Rais Woodrow Wilson kwamba wanawake waliofiwa wavae kitambaa cheusi mkononi chenye nyota ya rangi ya dhahabu, na Mei mwaka huo Wilson akaliunga mkono pendekezo hilo. Kwenye bendera nayo, nyota ya aliyekufa ikawa ya dhahabu. Ila haikupachikwa mahali pa ile ya buluu. Hushonewa juu yake, nayo hukatwa ndogo kidogo, ili buluu ibaki ikionekana pembezoni.

Ukingo huo mwembamba wa buluu ndio mshororo bora wa kazi nzima. Ukitaka kujua kwa nini, sikiliza vitenzi vyetu. "Mgeni alikuja": huenda amekwisha kwenda zake. "Mgeni amekuja": yupo, mpe maji. Tendo ni moja, na yote mawili yamekwisha kutendeka, lakini -li- inafunga mlango na -me- inauacha wazi, kwa kuwa athari ya tendo bado iko nasi chumbani. Kama nyota ya buluu ingebanduliwa na ya dhahabu kuwekwa mahali pake, bendera ingesema alikufa, na hesabu ingefungwa. Kwa kuiweka dhahabu juu ya buluu, inasema amekufa. Yule aliyekuwa anatumika angali chini ya yule aliyekufa, na anayesogea karibu na kioo anawaona wote wawili. Waliochagua namna hiyo ya kushona hawakujua Kiswahili, lakini waliligusa jambo ambalo sarufi yetu inalijua siku zote: kufiwa ni hali, na hali inaendelea.

Na fikiri tendo lenyewe la mkono. Mama hafumui kitu. Nyuzi alizotia kwa fahari haziguswi; sindano inapita palepale, inatoboa dhahabu, inatoboa buluu, inatoboa nyeupe. Ni bendera ambayo mwenye nyumba anaweza kutakiwa kuendelea kuitunga, na siku ya kwanza anapoitundika anajua kwamba nafasi ya mshono huo wa pili ipo. Ndiyo maana yule mama alitaka kidogo.

Urudiaji nao una nguvu yake. Novemba 1942 meli ya kivita USS Juneau ilizamishwa karibu na Guadalcanal, na ndugu watano wa familia ya Sullivan, kutoka Waterloo, Iowa, wakafa. Tano zilikuwa nyota zao. Nyota tano zilizofuatana kwenye kitambaa kimoja ni kina kile kile kikigongwa mara tano bila mshororo wa kupumzikia, na jicho linakataa kuzijumlisha. Linazipitia moja moja. Viwanda, makanisa na vyuo vilivyokuwa na mamia ya watu vitani vilikosa nafasi, vikaweka nyota moja na tarakimu chini yake. Hapo shairi linakufa, sina namna nyingine ya kulisema. Tarakimu inamwondolea msomaji kazi ya kuhesabu, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yenyewe.

Ahadi ya usawa iliyomo katika nyota hizo serikali haikuitimiza. Kati ya 1930 na 1933 iliwalipia nauli maelfu ya akina mama na wajane kwenda Ulaya kuona makaburi ya wapendwa wao. Wanawake weusi walitengwa: safari zao peke yao, kwa meli za hadhi ya chini. Nyota zao zilikuwa dhahabu kwa kipimo kile kile. Wako walioitwa wakakataa kwenda, na mimi nahesabu kukataa kwao kuwa usomaji sahihi wa bendera kuliko wa waliopanga meli.

Vitu vingine vya mapenzi ya jeshi nitavipita haraka. Vita vya pili vilileta pini za kifuani za kila aina, za plastiki, za mbao, za chaza, kwa kuwa madini mengi yalikwenda kiwandani kutengenezewa silaha. Vilileta pia foronya za kitambaa kinachong'aa, zenye matamvua na beti zilizochapwa kwa ajili ya mama au mchumba, ambazo askari alizinunua kambini akazituma nyumbani. Moja nimewahi kuishika. Haikuwa na dalili ya kuwahi kulaliwa. Matamvua yote yalikuwa yamenyooka kama siku ya kwanza. Utepe wa manjano wa kuwangojea askari, uliokuja kuwa sumaku ya kubandika nyuma ya gari hauna cha kusoma zaidi ya utepe.

Dosari moja ya bendera ni kubwa, nami siwezi kuificha. Haina alama ya aliyerudi. Askari akitoka jeshini nyota huteremshwa, basi. Aliyerudi bila mguu, au amerudi mwili na usingizi wake umebaki huko, fani hii haimjui. Wapo waliojaribu kuwaongezea majeruhi nyota ya fedha, nami nawaelewa, ingawa kwenye sheria ya bendera hii haimo.

Na ile fulana? Nimeihukumu kwa fani, sasa niitendee haki. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, raia kuvaa mavazi ya jeshi ni kosa, kwa hiyo fahari ya namna hii huingia nyumbani kwa njia ya picha: kijana amevaa sare, amesimama wima, fremu ya dhahabu, ukutani juu ya televisheni. Picha hiyo inamngoja mgeni aingie. Yule mama yuko ugenini, ambako wageni wake ni watu wa foleni ya dukani, na swali la kwanza wanalomuuliza wakisikia lafudhi yake ni ametoka wapi. Kabla hawajauliza, kifua chake kimewaambia kwamba mwanawe analinda nchi hii. Kwa kazi hiyo fumbo lisingefaa. Inahitaji maneno, tena makubwa, tena kwa lugha yao.

Kwa hiyo ana nguo mbili zenye wasomaji wawili. Fulana ni ya watu wasiomjua. Bendera inatazama barabarani, lakini kitambaa ni chepesi, na mchana mwanga wa nje unapenya, hata aliye ndani anaiona nyota, ikiwa nzito zaidi kuliko inavyoonekana kwa wapita njia.

Tulipomaliza hesabu za michango giza lilikuwa limeingia. Mama akainuka kufunga pazia. Sikutegemea kwamba angeweka chai chini kwa jambo dogo kama hilo, lakini alihitaji mikono yote miwili: mmoja wa kukishika kijiti kisiyumbe, mwingine wa kulipitisha pazia nyuma yake, polepole, ili bendera ibaki upande wa kioo.