Mstari Usiosomwa na Mashine

Ndani ya kompyuta za Linux kuna saraka iitwayo /etc. Humo hukaa mafaili ya mipangilio: maandishi ya kawaida, mengine ya mistari miwili mitatu tu, yanayoieleza mashine jina lake, majirani zake na watu wa kuwaamini. Yakiwa sawa, hakuna anayemkumbuka fundi. Yakikosewa, ofisi nzima hukaa mikono mitupu.

Zamani kazi hii ilikuwa na wenyewe. Katika miaka ya 1970, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulitegemea faili moja, HOSTS.TXT, lenye majina na anwani za kompyuta zake. Lilitunzwa Menlo Park, California, katika taasisi ya SRI, na kundi lililoongozwa na Elizabeth Feinler. Mwenye mashine mpya aliwaarifu, wakaiandika, na wengine wakaja kuchukua nakala. Mashine zilipoongezeka, utaratibu huo ulielemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, iliyoigawa orodha ile kwa watunzaji wengi. Ilibidi iwe hivyo. Lakini hakubaki mtu aliyeijua orodha yote.

Kompyuta kumi zikiwekwa siku moja kwa mipangilio ileile, baada ya mwaka hufanana kama mapacha waliolelewa nyumba mbili. Huyu amegusa hapa usiku wa dharura, yule kule. Mwaka 1993 Mark Burgess, mwanafizikia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oslo, aliandika Cfengine ili kuzitunza kompyuta za idara yake. Fundi hueleza hali anayoitaka. Programu hupitia kila mashine na kurekebisha kilichopotoka tu. Ikikuta pako sawa, haigusi kitu. Puppet ya mwaka 2005 na Ansible ya 2012 zilikuja baadaye kwa fikra hiyohiyo.

Uzuri wa ufundi huu, hata hivyo, umo katika jambo dogo zaidi. Katika mengi ya mafaili haya, mstari unaoanza kwa alama ya # mashine huuruka. Huo ni wa binadamu. Fundi makini huacha hapo tarehe, herufi za jina lake na sababu: printa ya uhasibu haielewi mpangilio mpya, usibadilishe hadi inunuliwe nyingine. Anamwandikia mtu asiyemjua, atakayefungua faili hilo yeye akiwa ameshahama au amestaafu.

Sababu hizo zilipata pia programu za kuzitunza. RCS, iliyobuniwa na Walter Tichy mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilihifadhi kila toleo la faili na kumtaka mhusika aeleze alichobadilisha. Git, programu ya leo ya kazi hiyohiyo, huuliza vilevile. Mara nyingi hujibiwa neno moja: “marekebisho”. Mipangilio hunakiliwa kutoka popote, ikifanya kazi inaachwa, na sababu zake haziandikwi.

Kutoandika kuna gharama. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 katika dakika 45 hivi. Programu mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba. Ya nane ilisahauliwa. Wachunguzi wa serikali walikuta kwamba hakuna fundi wa pili aliyeikagua kazi ile, wala hapakuwa na utaratibu wa maandishi uliodai ikaguliwe.