Maumivu ya Kiungo cha Taya: Uhakiki wa Istilahi

Mtu anayeumwa mbele ya sikio kila atafunapo aghalabu humwambia tabibu, "Jino linaniuma." Hana kosa, hilo ndilo neno alilo nalo. Lakini neno hilo laweza kumfikisha kwenye koleo, akang'olewa gego lisilo na kasoro, na maumivu yakabaki palepale. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuzihakiki istilahi zitumikazo katika karatasi za maelezo kwa wagonjwa wa maradhi haya. Hoja yetu ni moja: jina la maradhi lieleze mahali na dalili, wala lisibebe chanzo kisichothibitishwa, maana jina huelekeza tiba.

Kwanza tuieleze dhana yenyewe. Taya la chini hushikamana na fuvu kwa viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio, ambapo kichwa cha mfupa wa taya hukutana na mfupa wa panja. Kati ya mifupa hiyo pana kisahani chembamba. Mtu afunguapo kinywa, kichwa hicho huzunguka kama bawaba, kisha huteleza mbele, na viungo vyote viwili hwenda pamoja. Panapokuwa na tatizo, mgonjwa huhisi maumivu ya taya, ya panja au ya sikio, hushindwa kufungua kinywa vizuri, au husikia sauti atafunapo.

Wafasiri wanaofuata asili ya Kilatini huandika "kiungo cha panja na taya". Kwa vitabu vya anatomia istilahi hiyo ni sahihi. Kwa mgonjwa ni mzigo, na "kiungo cha taya" latosha. Hata hivyo, neno kiungo lina maana nyingi: mkono ni kiungo, na bizari ni kiungo. Kwa hiyo maneno "mbele ya sikio" hayana budi kufuata pale istilahi inapotajwa mara ya kwanza.

Wengine huandika "ugonjwa wa taya", kana kwamba maradhi ni mamoja. Vigezo vya kimataifa vya utambuzi vilivyochapishwa mwaka 2014 hutenganisha maumivu ya misuli ya kutafunia, maumivu ya kiungo chenyewe, na kuhama kwa kisahani. Twapendekeza "matatizo ya kiungo cha taya" liwe jina la jumla, na kila aina ipewe jina lake.

"Baridi yabisi ya taya" ina kasoro kubwa zaidi. Ni kweli kwamba yabisi yaweza kushika kiungo hiki, lakini hiyo ni aina moja tu. Historia inatufunza. Mwaka 1934 daktari wa masikio wa Marekani, James Costen, alieleza kundi la dalili za sikio na taya, akazihusisha na kupotea kwa magego na jinsi meno yanavyokutana. Maradhi yakaitwa kwa jina lake, na rai yake ikawapa matabibu sababu ya kurekebisha meno ya wagonjwa. Maelezo yake ya chanzo yalikuja kukataliwa. Leo matabibu hushauriwa waanze na tiba zisizoacha badiliko la kudumu.

Katika maswali ya uchunguzi, kikwazo kimo katika kitenzi kuuma. Mbwa huuma, na kichwa huuma. Mgonjwa akiulizwa kama anapouma chakula taya huuma, swali lenyewe limejifunga fundo. Kwa kazi ya meno tutumie kung'ata na kutafuna. Kwa hisia tuseme maumivu. Vilevile kubana meno si kusaga meno. La kwanza ni kuyakandamiza pasipo kuyasogeza. La pili ni kuyasugua, aghalabu usingizini. Mwenye mazoea ya kubana, akiulizwa juu ya kusaga peke yake, atajibu hapana kwa haki kabisa.

Sauti ya kiungo tumeiona ikiandikwa "kliki", ilhali lugha inalo neno: vidole hualishwa, navyo hualika. Taya nalo huweza kualika. Anayehofu kwamba msomaji atafikiria karamu na aandike "sauti ya kualika". Karatasi iongeze kwamba kualika pasipo maumivu kwa kawaida hakuhitaji tiba.

Jambo la hatari kuliko yote ni "taya kukaza". Mwenye tatizo la kiungo hushindwa kufungua kinywa vizuri. Mwenye pepopunda hukazwa misuli ya taya, kisha shingo na mwili, na aweza kufa. Kumwambia kila aliyekaza taya apumzike nyumbani ni kuhatarisha maisha. Dalili ya kiungo iandikwe "kinywa kutofunguka vizuri", na karatasi ionye kwamba anayekazwa misuli ya taya, hasa mwenye kidonda cha karibuni, apelekwe hospitali mara moja. Jina pepopunda nalo limebeba chanzo, ilhali maradhi hayo huletwa na bakteria. Hatupendekezi kuling'oa, kwani limekita mizizi na kila mtu aijua hatari yake. Kanuni yetu yahusu majina mapya.

Lugha ya tiba nayo iwe bayana. "Pumzisha taya" haimwelezi mtu la kufanya. Aambiwe ale vyakula laini, aepuke miwa na mahindi ya kuchoma, asipige miayo kwa kupanua sana kinywa, akande kwa kitambaa cha uvuguvugu, na aachanishe meno pale asipokula. Wagonjwa wengi hupata nafuu bila ya kupasuliwa. Maumivu yakiendelea, amwone daktari wa meno, na amwonyeshe kwa kidole mahali panapouma.

Twawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa afya watuletee maneno yanayotumika kwao kwa dalili hizi. Huenda lililo bora kuliko haya yetu linasemwa tayari kijijini.